Sura ya Mwisho Iko Mfukoni mwa Papa

Lilongwe, Jumapili 14 Machi 1999.
Miaka miwili na miezi mitano tangu tutoke Uvira. Mwezi wa pili tangu nitoke hapo kambini.

Mdogo wangu Ernestine,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu majirani wa mstari wetu wote, hata yule mwenye mbuzi anayekula nguo kwenye kamba. Mimi ni mzima. Mgongo si mzima, lakini mgongo haujui kuandika, basi tuuache. Nimepata kazi hapa Tsoka, soko la mji wa zamani. Tunashusha magunia ya mahindi na maharagwe kutoka kwenye malori ya Nathenje na kuyapandisha ghalani. Tajiri wetu hajui jina la mtu hata mmoja. Sote anatuita Kongo, hata wale wawili ambao ni Wamalawi. Nsima, ugali wa huku, ipo. Nalala chumba kimoja na wenzangu watatu, na mmoja wao anakoroma kama meli ya Kalundu iking'oa nanga.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Pasta Cyrille alinifuata juzi mpaka sokoni, nina gunia kichwani. Akasema, "Balagizi, dada yako amenituma. Jambo ni la haraka." Nikaliangusha gunia. Nilijua ni Mama. Pasta akatoa karatasi, akatafuta miwani kila mfuko, akaivaa, akasoma polepole kama yuko mimbarini: "Anauliza kama huko mjini unaweza kupata kile kitabu, ili tujue nani alimuua mwenye kinu."

Ernestine! Gunia lilipasuka. Mahindi yalimwagika mpaka mtaroni, na mimi nikayaokota kwa mikono mbele ya watu wanaocheka, kwa ajili ya mzungu aliyekufa ndani ya kitabu.

Una akili wewe? Kitabu chenyewe hakina jalada, hakina jina, hakina mwandishi. Nimwendee muuza vitabu nimwambie nini? Zikomo, naomba kitabu ambacho mtu anakufa?

Na unajua vizuri sura ya mwisho iko wapi. Papa aliikata kwa wembe, kama alivyokata ya kila kitabu alichotusomea, ili wewe usichungulie. Ndiyo, wewe. Mimi nilikuwa nasinzia, wewe ndiye uliyekuwa mwizi. Aliikunja akaitia mfukoni mwa lile koti lake, na tulikuwa tuisome Jumamosi. Jumamosi ikatukuta tunakimbia. Papa akarudi kufunga mlango, akasema atatukuta bandarini Kalundu. Mama alibeba kitabu, Papa alibeba mwisho wake. Akifika, atatusomea. Mpaka siku hiyo, niache nibebe magunia.

Papa akifika kabla yangu, mwambie nilimtaja koloneli kuwa ndiye muuaji, na sijabadili.

Kaka yako,
Balagizi

—

Dzaleka, Ijumaa Kuu, 2 Aprili 1999.

Yaya Balagizi, kaka yangu mkubwa,

Tunakusalimu sana. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta asubuhi. Presha yake inapanda na kushuka. Anaenda kliniki kwa miguu na kurudi akiwatukana wote waliokaa kwenye foleni mbele yake. Mvua ilitoboa paa upande wa jiko, tumeweka plastiki. Mbuzi unayemsalimia amekula mkono wa blauzi ya mteja wangu. Salamu zako sikuzifikisha.

Pole kwa gunia. Barua yako niliisoma kwa sauti kwa wanawake wa ushonaji, na nilipofika kwenye mtaro walicheka mpaka Espérance akajichoma sindano. Usikasirike. Kwaresima ilikuwa ndefu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana naona umeamua kwamba nimerukwa na akili. Pale kanisani vyerehani ni vitatu na sisi tuko wanane. Watatu wakishona, watano wamekaa, na mwanamke aliyekaa bila kazi anaanza kukumbuka. Mmoja akianza kulia, wote wanalia, na kazi inaharibika. Nikaona afadhali niwasomee. Mama alinipa kitabu kwa masharti: asubuhi nakichukua, jioni nakirudisha chini ya mto wake. Nasoma Kifaransa kimoyomoyo, nawapa Kiswahili kwa mdomo, kama Papa alivyotufanyia.

Yaya, sikujua ninachokianza. Unakumbuka: nyumba iko kando ya ziwa, nchi ya baridi. Tajiri mwenye kinu cha unga anakutwa amekufa chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo uko kwenye tundu, na kwenye kola yake kuna alama ya vidole vya unga. Ndani ya nyumba kuna watu watano: mke, mpwa mcheza karata, nesi, koloneli wa mkono mmoja, na mpishi. Anakuja yule inspekta anayevaa soksi mbili mbili kwa sababu ya miguu baridi. Anauliza, anauliza, anawakusanya wote sebuleni, anaupa moto mgongo na kusema, "Muuaji yumo humu ndani." Nikafungua ukurasa. Hakuna ukurasa.

Marlène alisimama. Unamjua Marlène, mfupi lakini sauti imejaa. "Lete mwisho!"

"Hakuna."

"Hakuna namna gani? Kitabu kinaweza kukosa mwisho kama njia ya Fizi?"

Espérance akasema nimeficha ili niwatese. Walinipekua, Yaya, mpaka ndani ya kitenge. Tangu siku hiyo hawashoni, wanabishana. Marlène anasema ni mke. Espérance anasema ni mpishi, kwa sababu ndiye mwenye unga, na Marlène anamwambia hiyo njo sababu si yeye, mwandishi si mjinga. Siku moja nilimwuliza Marlène, huchoki na maiti, wewe uliyepita kule ulikopita? Akanijibu bila kuinua macho: "Huko njo kufa kuzuri. Mutu mumoja, na inspekta wake yeye peke yake. Bote banasimama, hata supu inapoa, juu ya mutu mumoja."

Mama hajui kwamba nimekuomba. Yeye hataji mtu. Anasema atamtaja muuaji Papa akiwa mbele yake, yeye wa mwisho kama desturi, na kichwa cha samaki sangala, zawadi ya anayemtaja muuaji, kitakuwa chake kama desturi, maana hajawahi kukosea. Lakini naona anachoka, Yaya. Ningependa ajue, basi.

Tafuta. Huna gunia kichwani siku zote.

Mdogo wako,
Ernestine

—

Lilongwe, Jumapili 9 Mei 1999.

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie sweta navaa. Si kweli, lakini mwambie. Mavuno yameanza, malori yanakuja usiku na mchana, na mabega yangu yamekuwa na ngozi kama ya kiboko. Mwenzangu wa chumbani bado anakoroma. Tumejaribu maji, tumejaribu maombi.

Umeniharibia maisha. Nakueleza ili ujue.

Kuna mtu hapa Tsoka anaitwa Norbert, wa Bukavu, anauza vitabu vikuukuu juu ya turubai karibu na wauza viatu. Amesoma mpaka chuo na anahakikisha hakuna asiyejua. Nilimwendea wakati wa mapumziko.

"Natafuta kitabu."

"Kipi?"

"Sijui jina."

"Cha nani?"

"Sijui."

"Jalada lake rangi gani?"

"Hakina jalada."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Mon cher, unatafuta kitabu ao mbuzi aliyepotea? Haya, simulia."

Nikasimulia. Nilipofika kwenye ufunguo, wauza viatu walikuwa wamesogea. Kwenye unga wa kola, wabebaji wenzangu walikuwa wamekaa chini. Kwenye soksi mbili, lori lilikuwa limesimama na mahindi yake na dereva yuko kati yetu. Tajiri akaja anapiga kelele, Kongo, Kongo, nyinyi wote, halafu akasikia "muuaji yumo humu ndani", akanyamaza. Akauliza, "Ni nani?" Nikamwambia haijulikani. Akatukana, akaturudisha kazini. Kesho yake asubuhi alinijia kabla sijafungua kinywa: "Ni mke. Siku zote ni mke." Umpe Marlène salamu zake.

Sasa kila siku lazima nisimulie upya, kwa sababu kila siku kuna mtu ambaye jana hakuwepo. Wapo waliogombana. Wale wawili wa Malawi hawasemezani, mmoja ni wa mpwa, mwingine ni wa nesi. Mimi nawaambia ni koloneli na wote wananipigia kelele: mkono mmoja, atamwinuaje maiti? Kana kwamba hawajaona watu wa mkono mmoja wakishusha samaki bandarini. Nilimwuliza Norbert watu wazima wanataka nini kwenye mambo haya ya kitoto. Akasema, "Hivi vitabu havikuibii. Kila kitu kiko mbele yako tangu ukurasa wa kwanza. Ukishindwa kujua, ni wewe hukutazama. Ni wapi pengine duniani umetendewa haki namna hiyo?" Maneno mazuri, lakini yeye amekaa, anayebeba ni mimi. Ameniahidi ataangalia kwenye maboksi aliyonunua kwa walimu Wafaransa waliorudi kwao.

Wanauliza pia kwa nini mwisho haupo, inabidi niwaeleze wembe wa Papa na mfuko wa koti. Hapo wanacheka kuliko kwenye hadithi. Ila kuna mmoja mpya, Eliezer, mtu wa Fizi aliyetoka kule mwaka jana vita viliporudi. Wenzake wote wanauliza habari za nesi na koloneli, yeye ananiuliza koti la baba yangu lilikuwa rangi gani. Nikamwambia la kahawia, na kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Akaenda kunywa maji. Wengine hata hadithi uwape bure, hawajui waishike wapi.

Papa akifika kabla yangu, mwambie wembe wake umenipa kazi ya pili isiyo na mshahara.

Balagizi

—

Dzaleka, Pentekoste, 23 Mei 1999.

Yaya,

Salamu za sikukuu. Kwaya iliimba vizuri, ila mpiga ngoma alikuja amekunywa. Plastiki ya jiko imeshika. Mimi ni mzima.

Acha kutafuta. Naandika haraka kabla hujafanya lolote.

Marlène alimwamkia Mama njiani na kumwambia, "Mama Gertrude, tunamngojea mwanao atuletee mwisho wa kitabu." Mama alirudi nyumbani hakuvua hata viatu. Akachukua kitabu mikononi mwangu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mama. Nilitaka tujue."

"Mwisho wa hiki kitabu una mwenyewe, baba yenu. Iko naye mfukoni. Atakuja nao. Mukiutafuta kwa mutu mwingine, munaniambia nini? Sema. Munaniambia nini mimi?"

Nilipiga magoti nikamvua viatu. Wewe, Yaya, ungejibu nini? Siku tatu hakusema nami ila "lete chumvi." Wanawake wa kanisani wamekasirika, wanasema nimewanyang'anya. Marlène ameanza kubuni mwisho wake mwenyewe, mbaya sana, kila mtu anakufa.

Nilifikiri ataniambia nisimsomee tena barua zako, lakini hapana. Sasa kila barua lazima nimsomee yote, hata habari za kitabu nilizokuwa naziruka, na nikifika pale chini unapoandika "Papa akifika kabla yangu", ananishika mkono na kusema rudia. Narudia. Anacheka kidogo, analala.

Basi acha kitabu. Mwambie Norbert asante. Na usiniandikie hasira, najua mimi ndiye niliyeanza.

Ernestine

—

Lilongwe, Jumapili 22 Agosti 1999.

Mdogo wangu Ernestine,

Salamu kwako na kwa Mama. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi ilikuwa nyingi, halafu baridi na ile mvua yake nyembamba, halafu sikupata mtu wa kumpa barua.

Nimeelewa kuhusu kitabu. Mama ana haki. Nitafanya anavyotaka. Norbert amekipata kwenye boksi la mwisho, kizima, kina jalada, lakini kisiwasumbue. Kiko kwangu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sijakisoma.

Presha ya Mama ikoje? Anakunywa dawa zake? Analala vizuri? Mwambie Marlène akae naye jioni, asikae peke yake. Nawe usichelewe kanisani.

Hapa hakuna jipya.

Balagizi

—

Dzaleka, Jumapili 5 Septemba 1999.

Yaya,

Sitaanza na salamu. Nilikuandikia Mei, nikangoja Juni yote na Julai yote, na umeniletea barua ambayo ningeweza kuifunika kwa kiganja.

Niliisoma jana jioni, mimi na Mama peke yetu. Nilipomaliza, Mama alinishika mkono. "Rudia mwisho."

"Nimemaliza, Mama."

"Rudia pale pa baba yako."

Nikatazama. Nikageuza karatasi. Nikamwambia, labda amesahau, alikuwa amechoka.

Mama akasema, "Huyu mutoto hasahau. Huyu anaficha."

Mimi nilitaka kukutetea, Yaya. Usiku nikachukua barua zako zote, nikazitandaza mkekani. Kila kitu kilikuwa mbele yetu, kama anavyosema huyo Norbert wako. Wewe, uliyenitukana ukurasa mzima kwa gunia moja la mahindi, umeambiwa acha kutafuta, baada ya kazi yote ile, na umejibu kwamba Mama ana haki. Tangu lini? Umeuliza presha. Hujawahi kuuliza presha, unaogopa hata kulitamka hilo neno. Unataka mtu akae na Mama jioni. Na yule mtu wa Fizi aliyeuliza rangi ya koti, hayumo. Tajiri hayumo, wale wawili wasiosemezana hawamo. Umesema hakuna jipya. Yaya, mahali ambapo watu wote wamenyamaza kwa pamoja, ndipo inspekta anapovua kofia na kuanza kupekua.

Eliezer alikwambia nini?

Nilikuwa bado mkekani nilipomsikia Mama nyuma yangu, gizani. Alikuwa hajalala kabisa. Akasema, "Mwandikie aje." Akangoja mpaka nikashika kalamu. Ndipo akasema, "Na alete kile kitabu."

Yaya, umesikia? Alete kitabu. Nilimwuliza, Mama, si ulisema mwisho una mwenyewe? Akageukia ukutani.

Asubuhi alikwenda kisimani mwenyewe, akarudi na ndoo imejaa, hakumruhusu mtu ampokee.

Ernestine

—

Lilongwe, Jumapili 26 Septemba 1999.

Ernestine,

Haya. Umenikamata. Wewe na Mama, wanawake wawili na taa ya chupa, mmenikamata kwa mstari ambao sikuuandika. Nilijaribu kuuandika. Niliuanza, "Papa akifika", kalamu ikagoma. Nikaona afadhali nisiuandike kuliko kuuandika wa uongo. Laiti ningeiga uongo wa sweta.

Umekasirika kwa ufupi wa barua ile. Mimi nimekasirika kwa kila kitu. Nimekasirika kwamba nilimcheka Eliezer. Nimekasirika kwamba wewe ulitaka kitabu, halafu hukutaka, halafu Mama anakitaka, na katikati yenu nimesimama mimi na jambo ambalo halina mahali pa kuliweka. Nilikuwa nalipandisha ghalani na kushuka nalo. Magunia mengine unayaacha juu.

Nakuambia kiasi kinachoandikika. Wiki moja baada ya barua yangu ya Mei, Eliezer alinivuta kando, nyuma ya mizani. Akauliza tena juu ya kiraka. Bluu, nikasema, Mama alikata kwenye pazia. Akakaa chini juu ya gunia. Akasema kuna mzee ambaye yeye na wenzake wawili walimkuta kando ya barabara, ule mwezi tuliokimbia, karibu kabisa na Kalundu. Karibu kabisa, Ernestine. Alikuwa ameshafunga mlango na alikuwa anakuja. Walichimba pale pale, wakamlaza na koti lake. Mfukoni mlikuwa na karatasi zilizokunjwa, za Kifaransa, zimekatwa vizuri kwa wembe. Walifikiri ni barua zake. Eliezer alisema karatasi za mtu zisisomwe na wasio wake, wakazirudisha mfukoni wakakifunga kifungo.

Mfuko wa pili ulikuwa na ufunguo. Huo aliuchukua. Anasema ukimlaza mtu na ufunguo wake, nyumba yake haitafunguliwa tena. Sijui kama ni mila ya kwao au ni yeye tu. Ametembea nao mpaka Kigoma, mpaka Mbeya, mpaka hapa, akingoja kumpata mwenye mlango. Ufunguo una kile kipande cha uzi wa wavu alichokifunga Papa ili usipotee. Nimeushika. Ni wenyewe.

Nilimwuliza, "Ni nani waliofanya?"

Akanitazama kama anamtazama mtoto. "Batu ya bunduki. Mi niulize nani majina?"

Nikamwambia lazima kuna aliyeona. Nyumba zilikuwepo, barabara ilikuwepo, saa ilikuwepo. Nilijisikia nikisema maneno ya yule mwenye soksi. Eliezer akanishika bega, akasema, "Ndugu, hakuna aliyewaita sebuleni."

Marlène alisema kweli. Papa hakupata inspekta. Alipata watu watatu wenye jembe moja ambao hawakumjua jina, na wakamfungia kifungo cha koti. Mimi nimeamua hilo si dogo. Usiku nabadilisha mawazo. Asubuhi naamua tena.

Neno lenyewe sikuliandika, na sitaliandika. Kwetu neno kama hilo haliji ndani ya bahasha. Linaletwa na mtu wa nyumba, kwa miguu yake, na anaposema awe ameshika mikono ya mama yake. Ndiyo maana nilinyamaza, si kwa kuwa nilitaka kuwadanganya. Niliomba ruhusa kwa tajiri Juni, akasema baada ya mavuno. Julai akasema baada ya maharagwe. Wiki iliyopita nilimwambia ni kwa sababu gani. Akanitazama, akasema, "Nenda, Balagizi." Kumbe jina alikuwa nalo.

Wewe usimwambie Mama lolote, na barua hii usimsomee. Amekwisha kujua, lakini kujua si kuambiwa. Mwache aambiwe na mimi. Mchukulieni viti kanisani, watu watakuja. Pasta Cyrille ajiandae na asisahau miwani.

Kitabu nakileta. Sikukisoma. Ukweli nilikifungua siku moja pale sura ya mwisho inapoanza, nikaona neno "kwa hiyo", nikakifunga. Halafu juzi nilimwomba Norbert wembe. Aliponiona naanza kukata alishika kichwa, "Mon cher, kitabu kizima, unakiua!" Nikamwambia kwetu hakijawa kizima mpaka kikatwe. Sura ya mwisho iko mfukoni mwangu, upande wa moyo, na upande wa pili kuna ufunguo. Napiga hatua na vyote viwili vinalia.

Tukimaliza kulia, si siku hiyo, siku itakayofuata, nitawasomea. Waite Marlène na Espérance na wote wanane. Lakini kila mtu ataje wake kwanza, mbele ya watu, na asibadili. Mama atataja wa mwisho. Sangala hakuna huku, nitaleta chambo, samaki wa ziwa la huku, mkubwa kuliko wote nitakaowakuta Tsoka, na kichwa kitakuwa cha atakayepata. Mimi bado ni koloneli. Najua nitashindwa. Mama atakila kichwa chote na hatatuachia hata jicho, na wewe usimsaidie.

Nafika Jumamosi tarehe 2 Oktoba, kabla ya jua la mchana, kama askari wa njiani hawatanishusha. Wakinishusha, nitafika kwa miguu, hiyo hiyo Jumamosi.

Balagizi